Desemba 9 na Safari ya Mkonge: Uhuru wa Tanganyika na Maendeleo ya Viwanda Vyake

Mhadhara uliosomwa mjini Tanga katika juma la maadhimisho ya Uhuru, na sasa unapigwa chapa kama ulivyosomwa



 Kunena juu ya viwanda katika mji wa Tanga ni jambo lenye uzito, maana miongoni mwenu wamo watu waliozitumikia karakana za reli, mashamba ya mkonge na bandari kwa umri wao wote, nami mbele yao ni mwanafunzi niliyesoma vitabuni mambo ambayo wao wameyashika kwa mikono. Naomba wanivumilie, na pindi nikimaliza wanisahihishe.

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, katika Uwanja wa Taifa mjini Dar es Salaam, bendera ya Uingereza iliteremshwa, na bendera ya kijani, nyeusi na dhahabu ikapanda mahali pake; na huko juu katika kilele cha Kilimanjaro Luteni Alexander Nyirenda akausimamisha Mwenge wa Uhuru. Tangu hapo kila mwaka tumeikumbuka siku hiyo kwa gwaride, kwa ngoma na kwa hotuba, na ni haki tuikumbuke, maana taifa lisiloadhimisha siku yake ya kuzaliwa ni jepesi kusahau lilivyozaliwa. Kusudi la mhadhara huu ni kuongeza jambo moja katika maadhimisho hayo, nalo ni hesabu. Nataka tuulize: uhuru ule, uliotupa mamlaka ya kuamua, umetufikisha wapi katika kazi ya kugeuza mazao na madini yetu kuwa vitu vya kutumika? Na tutumie kipimo gani katika kulijibu swali hilo, ili tusijidanganye kwa sifa wala tusijidhulumu kwa lawama?

Nadai, na nitajaribu kuthibitisha, kwamba kipimo cha haki kina sehemu mbili. Ya kwanza ni umbali gani malighafi yetu husafiri ndani ya mikono yetu wenyewe kabla haijavuka bandari. Ya pili ni iwapo yumo miongoni mwetu mtu awezaye kuufungua mtambo ulioharibika, kuutambua ugonjwa wake, na kuufunga tena ukafanya kazi. Idadi ya majengo yenye mabomba ya moshi haitoshi kutueleza habari hiyo. Nitaleta hoja tano, na msishangae nikikaa sana katika baadhi yake na kuzipita nyingine kwa haraka.

HOJA YA KWANZA: Tulirithi uchumi ulioitazama bahari

Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, ikasafiri hata pwani yetu, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, si mbali na hapa tulipoketi. Mwaka ule ule ilianza kujengwa reli kutoka Tanga kwenda bara, ikafika Mombo mwaka 1905, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kufika Moshi. Kutokana na miche ile michache mashamba yakaenea Muheza, Korogwe, Ngomeni, Hale, hata Morogoro na Kilosa, na siku ilipopandishwa bendera yetu Tanganyika ilikuwa ndiyo nchi itoayo mkonge mwingi kuliko nchi zote duniani. Bidhaa iliyotuletea fedha nyingi za kigeni kuliko zote ilikuwa singa, yaani nyuzi zile nyeupe za mkonge.

Naomba ruhusa yenu nilifuate jani moja la mkonge, kwa kuwa vijana waliokaa nyuma yamkini hawajapata kuliona likifanyiwa kazi. Mkataji aliingia shambani alfajiri, aghalabu akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, aliyesafiri kutoka Songea, Kigoma, Njombe, au hata kutoka Msumbiji na Urundi, na siku zake za kazi ziliandikwa katika kipande, yaani kadi yake ya kazi, hata zitimie 30. Alikata majani ya chini kwa kisu, akaondoa mwiba wa ncha, akayafunga mafungu ya majani 30, akayapanga kando ya reli nyembamba ya shamba. Toroli likayabeba hata kwenye korona, yaani karakana yenye mtambo wa kuparua majani. Humo, majani yaliposhikwa na mikanda na kupitishwa mbele ya gurudumu lenye mapanga butu, nyama ya jani ilipondwa na kuparuliwa huku maji yakimwagika bila kukoma, na upande wa pili zikatoka singa mbichi zenye rangi ya kijani hafifu. Zikaoshwa, zikaanikwa juani juu ya nyaya hata zikageuka nyeupe, kisha zikapigwa brashi, zikachambuliwa kwa daraja, zikagandamizwa kuwa marobota. Robota likaingia beheweni, likafika hapa Tanga, likashushwa katika tishari, na tishari likalipeleka kwenye meli iliyotia nanga nje, kwa kuwa gati zetu hazikuwa na kina cha kuipokea.

Hapo ndipo safari ya singa ndani ya mikono yetu ilipokoma. Kuisokota kuwa uzi, kuusuka uzi kuwa kamba, kuiuza kamba ile kwa wakulima wa Ulaya na Marekani waliofungia matita ya ngano na majani makavu, yote hayo yalifanyika ng'ambo, na faida yake ikabaki ng'ambo. Fauka ya hayo, singa ile yenyewe ni sehemu ndogo mno ya jani, kiasi cha asilimia 4. Zile 96 zilizosalia, maji na nyama na vumbi lake, zilitiririshwa mitoni zikaoza. Waliopata kufanya kazi Hale au Ngomeni wanaijua harufu hiyo na hawahitaji kuelezwa nami.

Basi ukiitazama ramani ya mwaka 1961 utaona kwamba reli zote kuu zilianza bandarini zikaelekea mahali penye kitu cha kuchukua. Ile ya Tanga ilifuata mkonge na kahawa; ile ya kati, iliyojengwa toka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, ilifuata bara na maziwa. Hapakuwa na reli iliyotoka shambani ikaenda kiwandani, maana viwanda vyenyewe vilikuwa vichache, vya kukoboa, kuchambua na kufungasha. Na hata vile vya kuwauzia watu wa Afrika ya Mashariki bidhaa zao za kila siku vilijengwa kwa wingi zaidi Kenya, jambo lililowakutanisha viongozi wa nchi tatu Kampala mwaka 1964 kutafuta mgawanyo wenye insafu. Huo ndio urithi. Siutaji ili tupate udhuru, nautaja kwa sababu anayepima mwendo wa msafiri hana budi ajue alianzia wapi.

HOJA YA PILI: Azma ilikuwa kubwa, nayo haikuwa ya bure

Wako watu siku hizi wanaoizungumza miaka ya 1960 na 1970 kana kwamba ilikuwa ndoto tupu. Sikubaliani nao hata kidogo. Dola changa, yenye hazina nyembamba, ilianzisha Shirika la Maendeleo la Taifa mwaka 1965, na katika muda mfupi saruji ikatoka Wazo Hill, mafuta yakasafishwa Kigamboni, nguo zikafumwa Ubungo, majembe yakatengenezwa humu humu nchini, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 matairi yakatoka Arusha na bidhaa za chuma zikatengenezwa hapa Tanga. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaipa azma hiyo sura ya siasa: njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wananchi. Mtu aweza kubishana na namna lilivyotekelezwa, nami nitabishana nalo baadaye. Lakini kuwa na azma ya namna ile, katika hali ile, ni jambo la fahari.

Hata hivyo viwanda vyote si sawa, na hapa ndipo kipimo changu kinapofaa. Nitachukua vitatu.

Cha kwanza ni Urafiki, kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China. Pamba iliyolimwa na wakulima wa Usukuma iliingia upande mmoja ikiwa marobota, ikasokotwa, ikafumwa, ikapakwa rangi na kupigwa chapa, na upande wa pili ikatoka khanga na kitenge kilichokwenda kuvaliwa Tabora, Lindi na Unguja. Mitambo yake ilichaguliwa ili ihitaji mikono mingi, na mikono mingi ndiyo tuliyokuwa nayo. Kwa kipimo cha safari ya malighafi, hicho kilikuwa kiwanda kamili: shamba letu, mikono yetu, soko letu. Mama aliyejifunga khanga ya Urafiki kwenda arusini alikuwa amejifunga kazi ya watu wake toka mbegu hata pindo.

Cha pili ni kile cha mbolea kilichosimama hapa hapa Tanga. Wengi wenu mlifanya kazi humo, nami nawaheshimu mno kwa ustadi wenu. Lakini kiwanda hicho kilichorwa tangu awali ili kilishwe malighafi iliyotoka nje kwa meli. Fosfati, amonia na salfa vyote vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na siku fedha hizo zilipoadimika kiwanda kilikosa chakula. Ilhali ardhini mwetu, kule Minjingu karibu na Ziwa Manyara, fosfati ilikuwako, na ilipokuja kuchimbwa katika miaka ya 1980 kiwanda cha Tanga kilikuwa tayari kimechoka. Mwaka 1991 kikafungwa. Kosa halikuwa la mfanyakazi aliyegeuza vali. Lilikuwa katika karatasi ya mchoro, kabla jiwe la msingi halijawekwa.

Cha tatu ni kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya jozi hizo iuzwe Ulaya. Nchi ina ng'ombe wengi, kwa hiyo wazo lilionekana jema. Lakini ngozi iliyosindikwa vizuri haikupatikana kwa kiasi kile, jengo lilizungushiwa kuta za mabati ya alumini zisizopitisha hewa katika joto la Morogoro, mitambo ikaharibika ikakosa vipuri, na viatu vyenyewe havikupata mnunuzi Ulaya. Kiwanda hakikuwahi kufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa, deni likabaki.

Enyi vijana, nawaomba muitazame tofauti iliyoko baina ya Ubungo na Morogoro, maana vyote viwili vilikuwa vya umma, vyote vilijengwa kwa fedha za nje, na vyote viliendeshwa na Watanzania. Swali la nani mwenye mali halikutofautisha hatima ya viwanda hivyo kama swali la nani aliulizwa kwanza: mkulima wa karibu na mvaaji wa karibu, au soko la mbali.

HOJA YA TATU: Kiwanda hakisimami peke yake

Hoja hii ingeweza kuchukua usiku kucha, kwa kuwa sababu za kuanguka kwa viwanda vyetu katika miaka ya 1980 ni nyingi: bei ya mafuta iliyopanda, vita dhidi ya Iddi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilivyokula akiba, ukame, fedha za kigeni zilizokosekana hata za kununulia mkanda mmoja wa mashine, mashirika ya umma yaliyokabidhiwa kazi kupita uwezo wa mameneja wao, kisha masharti ya wakopeshaji wa nje ya mwaka 1986 na milango iliyofunguliwa ghafla mbele ya mitumba na bidhaa za nje. Kila moja ina wataalamu wake. Mimi nitashika zao moja tu, yaani korosho, kwa sababu ndani yake sababu hizo zote zinaonekana pamoja.

Msimu wa 1973/74 wakulima wa Mtwara, Lindi na pwani yote walivuna korosho tani 145,000. Karibu zote zilikwenda India zikiwa ghafi, zikabanguliwa huko na mikono ya wanawake wa Kerala, na India ikaziuza Marekani na Ulaya. Serikali ikasema, na ilisema kweli, kwamba kazi hiyo ni yetu. Ikakopa, ikajenga viwanda 12 vya kubangua, vyenye mitambo ya Kitaliani na ya Kijapani, kuanzia Mtwara na Newala hata Kibaha. Lakini katika miaka ile ile wakulima walihamishwa kutoka makwao kuingia vijiji vya ujamaa, na mikorosho yao ikabaki mbali bila wa kuipalilia. Bei waliyolipwa ikawa ndogo. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia mashambani. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Viwanda vikakamilika wakati korosho zimekwisha. Tena mitambo yenyewe ilizivunja punje, na punje iliyovunjika bei yake ni ndogo, hali mwanamke wa Kerala aliyeketi na kigogo na rungu dogo aliitoa nzima.

Jambo linalonitia uchungu katika habari hii, mabibi na mabwana, ni kwamba azma ilikuwa sahihi. Kubangua korosho zetu wenyewe lilikuwa jambo la haki mwaka ule, na ni jambo la haki leo, ambapo mavuno yamerudi na kuipita hata rekodi ile ya zamani, na bado sehemu kubwa inavuka bahari katika magunia ikiwa ghafi. Kilichokosekana ni kuufunga mnyororo wote pamoja: bei ya mkulima, dawa ya ubwiriunga, njia ya kupeleka zao, mashine inayofaa punje, na mtu aliyefunzwa. Pete moja ikikatika, zile nyingine hazishiki kitu.

Mkonge nao ulipatwa na mkasa wake. Kamba za plastiki zilizotengenezwa kwa mafuta zilipoenea ulimwenguni, bei ya singa ikaanguka, na nchi iliyokuwa imezidi tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya mwanzo ya Uhuru ilikuwa imefika kiasi cha tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwalimu Nyerere alikuwa akiupigia mfano mkonge huu mbele ya mataifa, akieleza jinsi tani zinazohitajika kununulia trekta moja zilivyozidi kila mwaka. Naam, anayeuza singa hana neno katika bei ya trekta. Lakini anayeuza zulia, gunia na karatasi ya singa ana maneno mengi zaidi, na ndiyo sababu viwanda vya kusokota vilivyojengwa hapa Tanga na Ngomeni vilistahili kutunzwa kuliko vilivyotunzwa.

HOJA YA NNE: Fundi ni mali ya taifa kuliko mtambo

Mwalimu alipenda kukumbusha kwamba siku ya Uhuru nchi nzima ilikuwa na wahandisi wazalendo wawili na madaktari 12. Wahandisi wawili, katika nchi yenye eneo lililo karibu mara nne ya Uingereza! Na Chuo Kikuu kilipofungua milango yake Dar es Salaam Oktoba 1961, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria. Sisemi kwamba hilo lilikuwa kosa, kwa kuwa dola mpya ilihitaji mahakimu na watunga sheria wake upesi. Lakini Kitivo cha Uhandisi kilianza mwaka 1973 tu, yaani miaka 12 baada ya bendera kupanda. Katika miaka hiyo 12 tulinunua mitambo mingi sana. Tukawa kama mwenye jahazi jipya asiye na nahodha wala fundi wa kulikalafati, ambaye kila linapovuja humwita mjenzi kutoka ng'ambo na kumlipa nauli ya kuja na kurudi.

Nchi ilijitahidi kuliziba pengo hilo. Chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, kilichokuwako tangu mwaka 1957, kilitoa mafundi sanifu. SIDO ikaanzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo. TIRDO mwaka 1979 kwa utafiti. Arusha ikapata TEMDO na CAMARTEC kwa kubuni mashine na zana za shambani. Na VETA ikaundwa mwaka 1994 kwa mafunzo ya ufundi stadi. Hizi ni taasisi njema. Lakini nimwonye kijana anayedhani kwamba ufundi hupatikana kwa cheti. Nenda ukamtazame fundi wa korona aliyeitumikia miaka mingi. Huweka kiganja juu ya kava ya beringi wakati gurudumu linazunguka, akasikiliza, na hujua kabla ya kufungua kama beringi imekwisha au ni panga lililolegea. Ilimu hiyo haikuandikwa mahali popote. Katika miaka ya dhiki, vipuri vilipokosekana, watu kama huyo walichonga bushi kwa shaba kuukuu, wakashona mikanda iliyokatika, wakafua mapanga ya korona kwa chuma cha springi za malori, na kwa jitihada yao mashamba machache yakaendelea kupumua. Taifa halikuwapa nishani. Wengi wamestaafu, na wengine wamefariki kabla hatujamweka kijana hata mmoja kando yao aandike wanayoyajua.

Nawaomba wakuu wa vyuo waliomo ukumbini walitie akilini jambo hili kuliko yote niliyosema leo. Pale ambapo fundi wa namna hii bado yu hai, apewe darasa, alipwe mshahara wa mwalimu, na asiulizwe kidato alichomaliza.

HOJA YA TANO: Nguvu sasa zipo

Nitalipita jambo hili la nguvu za umeme kwa haraka kwa sababu ni jema na halina ubishi mwingi. Mwaka 1964 mtambo wa maji wa Hale, katika Mto Pangani, ulianza kutoa umeme wa megawati 21, na ukaonekana muujiza. Baadaye ikaja Kidatu yenye megawati 204, kisha Mtera, Kihansi na gesi ya Songo Songo. Leo bwawa la Rufiji lililopewa jina la Mwalimu Nyerere lina mashine 9 zenye uwezo wa megawati 2,115, ambazo ni mara 100 ya Hale. Treni ya umeme inakwenda kutoka Dar es Salaam hata Dodoma. Gati za Tanga zimechimbwa na kurefushwa, na meli kubwa sasa inafunga ukutani bila kungoja tishari. Kisingizio cha giza, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kisingizio cha kweli, kinazidi kupungua.

Lakini chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, ambavyo vimezungumzwa tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa, bado vimo ardhini, na nchi isiyoyeyusha chuma chake itaendelea kununua nondo na jembe kwa bei ya mwingine. Jambo hilo halipaswi kungoja kizazi kingine.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sasa naelekea mwisho, nami ningependa kuyatazama yajayo kwa kuleta shauri moja na kukumbusha jambo moja.

Shauri langu ni kwamba kila Desemba 9, baada ya gwaride na kabla ya ngoma, isomwe mbele ya wananchi hesabu fupi ya viwanda, kwa lugha tuijuayo sote. Katika kila tani 100 za mkonge tuliovuna mwaka huu, ni ngapi zilizotoka zikiwa uzi, zulia au gunia, na ngapi zilizotoka zikiwa singa tupu? Korosho ngapi zilibanguliwa humu? Pamba kiasi gani ilifumwa? Ni mitambo mingapi ilitengenezwa na mafundi wetu bila kumwita mtu wa nje? Hesabu hiyo isomwe mkoa kwa mkoa, na Tanga isomewe ya kwake hapa hapa, mbele ya watu wanaoweza kuikubali au kuikataa kwa kuwa wanayajua mashamba na karakana zinazotajwa. Mambo mengi yamekwisha kuanza: pale Hale ulijengwa mtambo wa majaribio wa kutoa gesi na umeme kutokana na yale mabaki ya jani yaliyokuwa yakitupwa mtoni. Zile asilimia 96 zina thamani, na kijana atakayezigeuza kuwa gesi, mbolea na chakula cha mifugo kwa gharama ndogo atakuwa ameongeza safari ya mkonge kuliko mtu yeyote tangu Hindorf.

Na ninalokumbusha ni hili. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda, lenye urefu wa kilometa 1,443, linafikia Chongoleani, jirani yetu hapa. Kwa mara nyingine tena Tanga ni mahali ambapo mali ya bara inakutana na meli, kama ilivyokuwa mwaka 1893. Tofauti ni kwamba safari hii sisi ndio wenye sheria, wenye vyuo na wenye bendera. Kwa hiyo nauliza mapema, wakati bado kuna nafasi ya kujibu: wachomeleaji wa bomba hilo, watunzaji wa pampu zake, wapimaji wa kutu na wakemia wa maabara zake kwa miaka 20 ijayo wanafunzwa wapi, na wangapi kati yao ni watoto wa Chongoleani, Pongwe na Muheza?

Mwanafunzi mwenye umri wa miaka 20 aliyeketi nyuma kule atakuwa hajafikisha umri wa kustaafu Desemba 9, 2061, Uhuru utakapotimiza miaka 100. Huenda yeye ndiye atakayeitwa kutoa mhadhara wa siku hiyo katika ukumbi huu. Aanze kuzikusanya hesabu zake sasa, mwaka kwa mwaka, shamba kwa shamba. Na kesho asubuhi, kama Mwenyekiti ataridhia na uongozi wa shamba ukiruhusu, ningependa tufuatane naye na wenzake kwenda kuitazama korona ikifanya kazi.

 Maswali yaanze na wazee.